Geuza jani kwanza: kutambua na kudhibiti wadudu wa maua ya nyumbani Arusha na Moshi

Waridi likipauka majani mwezi wa Januari au Februari, wengi hudhani lina kiu. Wanamwagilia, hali inazidi, ndipo wanakwenda duka la pembejeo kuomba "dawa ya wadudu" na kurudi na chupa inayoongeza tatizo. Usinunue chochote kabla hujageuza jani.

Kama upande wa juu umejaa vidoa vidogo vya manjano, kinga karatasi nyeupe chini ya tawi, kisha ligonge mara tatu au nne. Ukiona vijivumbi vinaanza kutembea polepole, huyo ni utitiri. Si mdudu hasa. Ana miguu minane na yuko karibu zaidi na buibui, na akizidi hutanda utando mwembamba kati ya majani. Hupenda joto, ukavu na vumbi, kwa hiyo mimea ya kwanza kushambuliwa ni ile iliyo kando ya barabara isiyo na lami au iliyoegemea ukuta unaopigwa na jua la mchana. Kwenye nyuzi joto 27 hadi 30, yai huwa utitiri kamili kwa takribani wiki moja.

Hapa ndipo dawa hukosewa. Chupa yenye lambda-cyhalothrin huua wadudu rafiki wanaokula utitiri, lakini utitiri wengi hubaki na kuzaana bila adui. Imidacloprid nayo si dawa ya utitiri. Soma jina la kiini cha dawa, si jina la biashara tu.

Anza na maji. Asubuhi, elekeza mpira wa maji upande wa chini wa majani, kila baada ya siku 2 au 3, kwa wiki mbili. Fanya asubuhi ili majani yakauke mapema, kwa sababu waridi likilala limelowa hupata ugonjwa wa madoa meusi. Kwenye baridi na mawingu ya Juni na Julai usioshe hivyo. Kata majani yaliyokauka, yafunge kwenye mfuko na uyatupe. Usiyaweke kwenye mboji.

Wakibaki, tumia sabuni. Kwangua gramu 10 za sabuni ya mche kwa kila lita ya maji, yaani gramu 160 kwa bomba la kupulizia la lita 16. Iyeyushe kwanza kwenye maji ya moto kidogo, ichuje kwa kitambaa (usipochuja, nozeli itaziba), ndipo ujaze maji yaliyobaki. Sabuni ya unga inaunguza majani, iache. Maji yakifanya mabonge meupe badala ya povu, ni magumu, na sabuni haitafanya kazi. Tumia ya mvua. Jaribu tawi moja na usubiri siku mbili. Kisha puliza mapema jioni jua likishapoa, ili majani yakauke kabla ya usiku, hadi upande wa chini wa majani ulowe kabisa. Sabuni huua yule tu iliyemlowesha. Ikikauka nguvu imeisha, na mayai haiyagusi, ndiyo maana unarudia kila baada ya siku 5, mara tatu.

Ikishindikana, omba dawa ya utitiri yenye abamectin, iliyosajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu Ngaramtoni. Fuata kipimo cha kwenye lebo, vaa glavu na barakoa, na usipulize kwenye maua yaliyochanua wala wakati nyuki wanatembea. Ukiitumia mfululizo, utitiri huizoea.

Majani yanayonata, ukungu mweusi juu yake na sisimizi wanaopanda shina ni habari nyingine. Tafuta vidukari kwenye chipukizi, wadudu gamba waliong'ang'ania shina, au vidung'ata wenye unga mweupe. Hawa hutoa majimaji matamu, na sisimizi huwalinda ili wayanywe. Usipowazuia sisimizi, utapuliza bure. Zungushia shina mkanda wa plastiki, upake grisi juu ya plastiki, kamwe si kwenye gome. Vidukari huisha kwa maji na sabuni. Wadudu gamba wakwangue kwa mswaki kabla ya kupuliza, maana gamba huwakinga. Vidung'ata hujificha: kwenye masale, fungua pale jani linapokutana na shina, uwapanguse kwa pamba yenye spiriti. Kwa mmea wa chungu uliodumaa bila sababu, utoe na ukague mizizi, maana vidung'ata hujificha huko pia.

Inzi weupe utawajua ukitikisa mmea, wanaruka wote. Sabuni ileile, chini ya majani.

Thiripi ndio wasumbufu kwenye waridi jeupe na la rangi hafifu: petali zina kingo za kahawia na tumba halifunguki. Fungua tumba juu ya karatasi, utaona vijidudu vyembamba vikikimbia. Sabuni haiwafikii humo ndani. Kata matumba yote yaliyoharibika na uyafunge kwenye mfuko palepale, si baada ya kuyabeba bustani nzima. Zoa petali zilizoanguka na utibue udongo wa juu, kwani wengi hushuka humo kabla ya kuota mabawa.