SOMO: Programu ya kompyuta kwa Electron, na data za mteja zikae wapi zisipotee

Assalaam alaykum. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Programu kwangu inakwenda vizuri, nikimpelekea mteja haihifadhi kitu." Naandika hapa mara moja. Mwengine akiuliza nitamleta huku.

Kwa wageni: Electron inakuwezesha kutengeneza programu ya kompyuta kwa HTML, CSS na JavaScript, kodi moja ikaenda Windows, Mac na Linux. Ndani yake mna Chromium ya kuchora dirisha na Node.js ya kugusa mafaili. Ilianzia GitHub mwaka 2013 ikiitwa Atom Shell, jina la sasa likaja 2015. Mimi naitumia kwa maduka ya hapa Unguja kwa sababu mwenye duka anaendelea kuuza hata bando likiisha.

1. Sakinisha Node.js, fungua folda mpya, na kwenye dirisha la amri (terminal) ndani ya folda hiyo andika npm init.

2. Andika npm install --save-dev electron. Ni mzigo wa zaidi ya MB 100, tazama bando kwanza.

3. Weka main.js, inayoanzisha programu, na index.html, ukurasa anaouona mteja. Mfano wa kwanza kwenye nyaraka za Electron unatosha.

4. Ukurasa usiguse mafaili wenyewe. Pitisha maombi kwenye preload, faili dogo linalokaa kati ya ukurasa na Node.js, kwa daraja linaloitwa contextBridge. Tangu toleo la 12 la mwaka 2021, contextIsolation, yaani ukuta unaotenga ukurasa na preload, inawaka yenyewe. Ukikuta somo linakwambia uizime, au linatumia remote (njia ya zamani ya ukurasa kufika main.js moja kwa moja), lifunge, ni la zamani. Hiyo remote iliondolewa toleo la 14.

5. Visaidizi. Watu wanabeba pakeji (kodi zilizokwisha andikwa na wengine) ishirini kabla hawajaandika mstari mmoja. Chukua mbili: electron-store ya kuhifadhi mipangilio, na electron-builder ya kufungia programu, yaani kuigeuza kisakinishi cha kumpa mteja. Kujua kama uko kwenye majaribio au kwa mteja huhitaji pakeji, app.isPackaged imo ndani ya Electron.

6. Mahali pa data. Hapa ndipo nilipoumia, nisomeni taratibu.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya duka la vitambaa Darajani, mauzo na daftari la madeni. Faili la data nililiweka kwa __dirname, yaani pale pale penye kodi. Kwangu likaandikika. Nilipoifunga programu, kila kuhifadhi kukakataa, kwa sababu electron-builder huikusanya kodi yako ndani ya faili moja la asar, na asar inasomeka tu, haiandikiki. Badala ya kutafuta sababu nikakwepa. Nikaliweka faili pembeni ya .exe kwa kufuata process.execPath, likakubali, na miezi miwili tukakaa salama. Kisha nikapeleka toleo jipya kwa fleshi. Kisakinishi, kabla ya kuweka toleo jipya, huifuta folda ya programu ya zamani na vyote vilivyomo. Madeni ya watu zaidi ya arubaini yakaondoka mbele ya macho yangu. Mwenye duka ni mama mtu mzima, na daftari lake la karatasi aliliacha kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia halina haja tena. Tulikaa naye siku tatu tukikumbuka nani anadaiwa nini. Mengine hatukuyapata mpaka leo.

Kwa hiyo: data ya mteja inakaa kwenye folda ya userData, na njia yake unaiuliza kwa app.getPath. Kwenye Windows utapewa folda yenye jina la programu ndani ya %APPDATA%, kwenye Mac ni ndani ya Library/Application Support, kwenye Linux ni ndani ya .config. Toleo jipya likija, folda hii haiguswi. USIANDIKE njia ya C:\Users kwa mkono, kila kompyuta ina mtumiaji wake.

ONYO: jina la folda hiyo linatoka kwenye productName ya package.json (faili lililotengenezwa na npm init), au name kama productName haipo. Ukilibadilisha, programu itafungua folda mpya, tupu. Data haijafutika, iko kwenye folda yenye jina la zamani. Ihamishe kabla mteja hajaingiwa na hofu.

ONYO jengine: umeme. Ukiandika kwa fs.writeFileSync juu ya faili lile lile na umeme ukakatika katikati, unabaki na nusu faili. Andika faili jipya pembeni, likikamilika ndipo ulipe jina la lile la zamani kwa rename. Kwa electron-store kazi hii inafanyika yenyewe.

7. Zuia kufunguka mara mbili kwa app.requestSingleInstanceLock. Kompyuta ikiwa nzito mtu hubofya mara tatu, zikafunguka programu tatu zinazoandika faili moja.

8. Funga kwa electron-builder, kisha ijaribu kwenye kompyuta isiyo na Node.js. Halafu sakinisha toleo jipya juu ya la zamani, utazame data imebaki. Jaribio hilo la pili ndilo nililoliruka.

MASWALI

Kijana wa Jang'ombe: Haifanyi kazi. Naomba msaada wa haraka.

Jibu: Kipi hakifanyi kazi? Imeandika nini?

Kijana wa Jang'ombe: ENOTDIR, halafu njia ndefu ina app.asar.

Jibu: Hatua ya 6. Unaandika ndani ya asar.

Mtoto wa Fuoni: Electron nzito sana. Kwa nini hukufundisha Tauri?

Jibu: Nzito ni kweli, kila programu inabeba Chromium yake. Tauri inatumia kivinjari kilichomo ndani ya mfumo, ndiyo maana faili lake dogo. Lakini kivinjari hicho hakilingani kila kompyuta, na mimi sina nafasi ya kwenda Makunduchi kwa sababu dirisha limechorwa vyengine. Ukiandika somo la Tauri nitalisoma.

Binti Wete: Kaka, ahsante sana. Mimi niko Pemba, kupakua Electron kunakatika njiani kila mara. Pia hukusema kwa nini rename ni salama kuliko kuandika.

Jibu: Dada, maswali mazuri yote mawili. La kwanza: Electron ikishapakuliwa huwekwa akiba. Windows ni %LOCALAPPDATA%\electron\Cache, Linux ni .cache/electron. Mwombe mwenzio mwenye intaneti nzuri apakue toleo lile lile unalotaka, akunakilie folda nzima kwa fleshi, uiweke mahali hapo hapo. Nambari ya toleo iandike kamili kwenye package.json, bila alama ya ^, isije ikakurukia toleo jengine. La pili: kuandika ni kumwaga herufi kidogo kidogo, kwa hiyo kuna wakati faili liko nusu. Rename inabadilisha jina tu, lile jina linaelekea faili la zamani au jipya, katikati hamna. Ila kabla ya rename ita fsync, yaliyoandikwa yashuke kweli kwenye diski.

Binti Wete: Nimefahamu. Basi mauzo ya mwaka mzima niyaweke electron-store?

Jibu: Hapana. Kila ukibadilisha kitu kimoja, faili zima linaandikwa upya. Mipangilio weka huko, mauzo weka SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, na faili la SQLite likae userData pia. Pakeji ya better-sqlite3, ya kuitumia SQLite kutoka Node.js, lazima ijengwe upya kwa Electron, electron-builder ina amri ya install-app-deps kwa kazi hiyo.

Maalim wa Mkoani: Skuli yetu ina kompyuta za Windows 7. Programu haifunguki kabisa.

Jibu: Maalim, toleo la mwisho kukubali Windows 7 ni Electron 22. Kuanzia la 23, mwaka 2023, halikubali. La 22 halipati tena marekebisho ya usalama, basi litumie kwa programu isiyofungua kurasa za nje.

Binti Wete: Nje ya mada kidogo. Mteja wangu anataka tarehe za Kiislamu kwenye risiti.

Jibu: Imo tayari. Intl.DateTimeFormat ipe sw-TZ-u-ca-islamic-umalqura. Hiyo ni hesabu ya Saudi Arabia, mwandamo wa huku unaweza kupishana nayo siku moja, kwa hiyo mwekee mteja kitufe cha kuongeza au kupunguza siku. Na kama anataka saa mbili asubuhi iandikwe saa mbili, si 08:00, ondoa saa sita mwenyewe kwenye kodi. Thamani ya kitufe hicho, na hii ya saa, hifadhi kwa electron-store.