Android au iPhone: hesabu laini zako kabla ya kuuliza bei

Anayekwenda kununua simu janja huulizwa kwanza ana shilingi ngapi. Mimi humshauri aanze kwa kuhesabu laini anazotumia, kwa kuwa watu wengi huku kwetu wana mbili, moja ya pesa na nyingine ya bando nafuu, na hapo ndipo mifumo ya Android na iPhone inapotofautiana mapema kuliko kwenye kamera. Simu nyingi za Android zinazouzwa Afrika Mashariki zina nafasi mbili za laini, na baadhi huongeza ya kadi ya kumbukumbu. iPhone katika nchi nyingi ina nafasi moja tu, na laini ya pili huwekwa kwa njia ya eSIM, yaani laini isiyo na kadi, ambayo ni lazima kampuni yako ya simu iwe inaitoa. Tena, iPhone zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina tundu la kadi kabisa. Kwa hiyo ukiletewa ya mtumba, igeuze uangalie ubavuni kama kuna kijidroo cha laini kabla hujatoa hela.

Baada ya laini, angalia pesa. Misimbo kama *150*00# ya M-Pesa ya Tanzania au *334# ya Kenya hupigwa kwenye mifumo yote miwili bila tatizo. Tofauti iko kwenye menyu ya laini yenyewe, ile ya huduma iliyo ndani ya kadi, ambayo kwenye Android hukaa pamoja na programu nyingine, ilhali kwenye iPhone ni lazima uingie kwenye mipangilio, ufungue sehemu ya mtandao wa simu, ndipo uikute kwenye programu za SIM. Android pia inaweza kuwekwa Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo, na kama simu ni ya mama yako kijijini, sababu hiyo peke yake ingenitosha kuamua.

Kwenye uhai wa simu, iPhone imetangulia kwa muda mrefu. iPhone XR ilitoka mwaka 2018, na mwaka 2024 bado ilipokea iOS 18, toleo la mfumo wa iPhone la mwaka huo. Google kwa Pixel 8 na Samsung kwa Galaxy S24 wameahidi miaka saba ya masasisho, lakini ahadi hiyo haizihusu simu zao zote, sembuse Android za bei ya chini, ambazo nyingi huachwa mapema. Ndiyo maana mwenye bajeti ndogo huishia kulinganisha Android mpya ya kawaida na iPhone iliyotumika, na si mpya kwa mpya.

Ukichagua iliyotumika, fungua sehemu ya betri kwenye mipangilio ya iPhone usome asilimia ya afya yake. Ikiwa chini ya 80, ongeza gharama ya betri mpya kwenye bei unayotajiwa. Kisha mwambie muuzaji aondoe akaunti yake, aifute simu mbele yako na aiwashe upya, kwa sababu simu iliyofutwa bila kuondolewa akaunti itadai nenosiri la mwenyewe, na usipolijua hutaweza kuitumia. Android nayo hufungwa vivyo hivyo na akaunti ya Google, basi usiilegezee masharti.

Wanaohama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine husahau WhatsApp. Nakala iliyohifadhiwa kwenye akaunti ya Google haifunguki kwenye iPhone, wala ya iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, haifunguki kwenye Android. Anayetoka Android hutumia programu ya Apple ya kuhamisha data wakati iPhone inawashwa kwa mara ya kwanza, ikiwa bado haijawekwa chochote. Usiiuze simu ya zamani mpaka uyaone mazungumzo yako kwenye mpya, pamoja na picha na ujumbe wa sauti.