Kufunga mazungumzo ya mawakala wa akili mnemba kwa usimbaji wa kikundi

Chukua ofisi ya utalii ya Arusha yenye mawakala sita wa akili mnemba, yaani programu zinazofanya kazi na kutumiana ujumbe zenyewe: wa kujibu wageni, wa magari, wa vyumba, wa vibali vya hifadhi, wa malipo, na wa sita aliye kwa washirika wa Moshi, anayepanga wapagazi wa njia za Machame na Marangu za kupanda Kilimanjaro. Kati yao hupita namba za pasipoti, maelezo ya afya ya wapandaji na risiti. Wengi huwaunganisha na seva ya ujumbe kwa TLS, ulinzi uleule wa tovuti za https, basi wakaridhika. TLS hulinda njia tu. Ujumbe ukifika kwenye seva unafunguliwa, na mwenye nenosiri la seva anasoma kila kitu.

Kuwapa wote ufunguo mmoja wa kusimba, yaani wa kufunga ujumbe usisomeke na asiye nao, ni kosa jingine: ukiibwa kwa mmoja, umeibwa kwa wote. Kusimba kwa jozi, kila wakala wawili na ufunguo wao, nako kunachosha haraka. Mawakala 6 ni jozi 15, wakifika 12 ni jozi 66. Tumia MLS, itifaki ya usimbaji wa vikundi iliyotolewa na IETF, jumuiya inayoweka viwango vya intaneti, Julai 2023 kama waraka RFC 9420. Funguo hupangwa kama mti, hivyo kumbadilisha mwanachama mmoja kwa kawaida hugusa tawi lake hadi shinani, si kila jozi. Maktaba za msimbo za OpenMLS na mls-rs, zote za lugha ya Rust, zimeshafanya hesabu ngumu. Usijitungie yako. Chagua seti namba 1 ya kanuni za usimbaji: X25519 ya kukubaliana funguo, AES-128-GCM ya kusimba, SHA-256 ya muhtasari na Ed25519 ya sahihi.

Anza na utambulisho, maana hapa ndipo kazi ilipo hasa. Kila wakala azalishe jozi yake ya funguo za Ed25519, mmoja wa siri na mmoja wa wazi, kwenye mashine yake, na ufunguo wa siri usitoke hapo. Ufunguo wa wazi uingie kwenye daftari ambalo mtu, si programu, ndiye anayeliidhinisha. MLS haijui kwamba "wakala wa malipo" ni yule wa kweli. Inajua tu kwamba sahihi inalingana na ufunguo. Ukiruhusu seva ijiandikishie wanachama, umempa mwenye seva kiti ndani ya kikundi.

Kila wakala kisha aweke kwenye seva vifurushi vya funguo ambavyo wenzake hutumia kumwingiza kikundini, kwenye msimbo vinaitwa KeyPackage; 20 kwa kuanzia vinatosha. Kimoja hutumika mara moja tu. Kina pia tarehe za kuanza na kuisha, kwa hiyo mashine ambayo saa yake imerudi nyuma baada ya umeme kukatika itakataa vifurushi vizima, nawe utahangaika kutafuta hitilafu kwenye msimbo. Washa NTP, huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao, kabla ya yote.

Kila badiliko la wanachama au funguo hupita kwa ujumbe wa Commit, na kikundi huingia enzi mpya, yaani awamu yenye funguo mpya. Kazi ya seva ni ndogo lakini haina mjadala: kwa kila enzi ipokee Commit moja. Tuseme kikundi kiko enzi ya 7, wakala wa magari na wa vyumba wakatuma kwa pamoja. Wa kwanza anapita. Wa pili anakataliwa, anafuta Commit yake iliyokuwa ikisubiri, anachakata ya mwenzake, anaingia enzi ya 8, ndipo anajaribu tena. Wakala asihamie enzi mpya wala kumtumia mwanachama mpya Welcome, ujumbe wa kumkaribisha kikundini, kabla seva haijakubali. Akiwahi, atabaki peke yake kwenye enzi ambayo wengine hawaijui.

Kwa kila wakala, hifadhi hali ya kikundi, yaani funguo na enzi ya sasa, kwenye diski kwa muamala mmoja: yote iandikwe au isiandikwe kabisa. Usiirudishe kutoka nakala ya jana, na usinakili mashine pepe ikafanya kazi mara mbili kwa hali ileile. Wakala aliyepoteza hali hiyo mwondoe, kisha mwongeze upya kwa kifurushi kipya. Ni dakika chache tu, wala hakuna aibu.

Kila wakala abadilishe funguo zake mara moja kwa siku. Akiwa kimya wiki nzima, aondolewe. Wakala hawezi kujiondoa kwa Commit yake mwenyewe. Anapendekeza, mwenzake anakamilisha. Aliyeondolewa hasomi enzi mpya, ila alichokwisha kusoma anacho.

Mambo mawili usimbaji hauyagusi. Mgeni akificha kwenye barua pepe amri ya "badilisha akaunti ya malipo", wakala wa kujibu wageni anaweza kuipitisha ikiwa imesimbwa vizuri na sahihi yake ni halali. Wakala wa malipo apokee fomu yenye sehemu maalumu tu, na badiliko la akaunti lisubiri mtu. Pia, modeli ya akili mnemba anayoitumia wakala ikiwa kwa mtoa huduma wa nje, maandishi humfikia yakiwa wazi. Namba ya pasipoti ibadilishwe iwe jina la badala, kama "mgeni-14", kabla ya kutoka.

Jaribu kabla ya msimu: chomoa waya wa umeme katikati ya Commit, mwondoe wakala wa Moshi kisha umtumie ujumbe mpya, halafu fungua hifadhidata ya seva utafute neno "pasipoti". Likionekana, kuna wakala bado anatuma kwa njia ya zamani, bila kusimba.