Kabla Hujamwongeza Ndugu Kwenye Kadi Yako ya Mkopo Marekani

Mtu akihamia Marekani kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Bukavu, mbele ya mabenki ya huko anakuwa kama hajawahi kukopa wala kulipa. Rekodi yake ya nyumbani, hata ikiwa safi kabisa, haimfuati yenyewe. Ndiyo maana waliotangulia huombwa mapema: "Shangazi, niweke kwenye kadi yako." Ni msaada mkubwa na mimi nauunga mkono. Ila unategemea sana hali ya kadi yenyewe, kwa hiyo ikague kwanza kabla hujaipigia benki simu.

Benki ikimsajili mpwa wako kuwa mtumiaji aliyeidhinishwa, yaani mtu anayeruhusiwa kutumia kadi yako ilhali deni linabaki lako, haipeleki kwenye ripoti yake ya mikopo, rekodi inayosomwa na wakopeshaji, yale tu aliyonunua yeye. Hupeleka akaunti nzima: ilifunguliwa lini, kikomo chake ni kiasi gani, inadaiwa nini, na miezi gani ulilipa kwa wakati au ulichelewa. Kadi uliyoifungua mwaka 2014 inaweza kuonekana kwenye faili la kijana aliyeingia nchini juzi. Umri huo wa akaunti unamsaidia. Madoa yake nayo anaweza kuyabeba.

Katika alama za FICO, ambazo wakopeshaji hutumia kupima uaminifu wa mkopaji na huanzia 300 hadi 850, historia ya malipo ina uzito wa takriban asilimia 35, na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Malipo yaliyochelewa siku 30 au zaidi yanaweza kukaa kwenye ripoti hadi miaka 7. Kama kadi yako ina doa la namna hiyo, mwambie mpwa wako ukweli, au tumia kadi nyingine iliyo safi.

Suala la deni ndilo linalowaponyoka wengi, hasa wale wanaolipa salio lote kila mwezi na kudhani wako salama. Kwa kawaida benki hupeleka salio la siku taarifa ya mwezi inapofungwa, wala haisubiri siku utakayolipa. Tuseme kikomo ni dola 5,000. Umenunua tiketi za ndege za kwenda nyumbani, taarifa inafungwa tarehe 18 ikiwa na dola 4,200, nawe unalipa zote tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Hutatozwa riba, lakini ripoti yako na ya mpwa wako zitasomeka kwamba asilimia 84 ya kikomo imetumika. Ungelipa dola 4,000 tarehe 15, zingesomeka asilimia 4. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kubaki chini ya asilimia 30. Mimi ningelenga chini ya 10.

Ukipiga simu, uliza kama benki hupeleka taarifa za mtumiaji wa pili kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza ripoti za mikopo, zote tatu. Si kila benki hufanya hivyo. Uliza pia kama inahitaji namba yake ya Social Security, ile namba ya utambulisho inayotolewa na serikali, na kama imeweka umri wa chini kwa mtumiaji wa pili.

Sasa upande wako. Kumwongeza tu hakupunguzi alama zako, ila anachotumia ni deni lako. Akinunua kochi la dola 900 asilipe, benki itakudai wewe. Unaweza kumsajili bila kumkabidhi kadi: ikifika kwa posta, ikae kwako, na akaunti itaendelea kuonekana kwenye ripoti yake. Kama utampa, mkubaliane kabla atanunua nini na atakurudishia lini, kwa tarehe mliyoitaja. Najua kwetu mazungumzo haya yanaonekana kama kumshuku ndugu. Yafanyeni hivyo hivyo.

Kwa wanandoa, ndoa haiunganishi alama. Kila mmoja ana faili lake. Zamani wanawake wengi walijikuta hawana historia yoyote kwa sababu akaunti zilikuwa kwa majina ya waume. Sheria ya mwaka 1974 ya usawa katika mikopo, pamoja na kanuni zake, ilidai mume na mke wanaotumia akaunti moja waonekane wote kwenye taarifa zake.

Wapo pia wanaokuuzia nafasi ya kuongezwa kwenye kadi za watu usiowajua. Jiepushe nao. Toleo la FICO 8 lilitengenezwa likiwa na kinga dhidi ya hila hiyo, na mtu uliyempa pesa anabaki na taarifa zako binafsi.

Mwisho, mpwa wako asikae kwenye kadi yako tu. Wakopeshaji wengine, hasa wa nyumba, hutaka kuona alicholipa mwenyewe. Afungue kadi ya dhamana kwa jina lake, yaani kadi ambayo kwanza unaweka amana benki. Nyingi huanzia amana ya dola 200. Ukimwondoa kwenye yako, akaunti hiyo kwa kawaida hutoka kwenye ripoti yake, kwa hiyo usimwondoe kabla kadi yake haijatimiza angalau miezi 6.