Namna ya Kuchagua Betri ya Helikopta ya Umeme Inayoongozwa kwa Rimoti

Mnunuzi wa betri kwa kawaida hutazama kwanza tarakimu kubwa iliyochapishwa ubavuni, yaani uwezo kwa mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji ambayo betri hubeba), akiamini kwamba iliyo kubwa zaidi ndiyo bora. Kwa gari la rimoti kosa hilo husameheka, maana gari huwa zito kidogo tu na likaendelea na safari yake. Helikopta hubebwa na mapanga yake kila sekunde inapokuwa hewani, na kwa hiyo kila gramu inayoongezwa hulipiwa kwa ampea. Uwezo uje baadaye. Kinachotangulia ni volti.

Seli moja ya lithiamu polima, ambayo wengi huiita lipo, huhesabiwa kuwa na volti 3.7, ingawa ikijaa hufika 4.2. Herufi S huonyesha idadi ya seli zilizounganishwa kwa mfululizo, hivyo betri ya 3S ina volti 11.1 na ya 6S ina 22.2. Namba hiyo huamuliwa na mota pamoja na gia zake. Chukua helikopta ya daraja la 450 (namba ya daraja huonyesha ukubwa wa helikopta) yenye mota ya Kv 3,500, yaani mizunguko 3,500 kwa dakika kwa kila volti, gia ndogo ya meno 13 na gia kuu ya meno 150. Kwa volti 11.1 mota huelekea mizunguko 38,850 kwa dakika, na rota kuu hupata takriban 3,370 kabla ya kuondoa kinachopotea kwa sababu ya mzigo. Ukiiwekea betri ya 6S bila kubadili mota, hesabu hiyo huzidishwa maradufu, na mapanga hayakuundwa kustahimili kasi hiyo. Yanaweza kuchomoka na kumjeruhi mtu vibaya. Soma kwanza maelezo ya mota na ya kidhibiti mwendo, yaani kifaa kinachopimia mota umeme kutoka kwenye betri, kisha ununue betri yenye idadi ya seli inayotajwa humo.

Helikopta kubwa hupewa volti nyingi kwa sababu nguvu ileile hupatikana kwa ampea chache. Volti zikiongezwa mara mbili, ampea hupungua kwa nusu, na joto linalopotea katika waya zilezile hushuka hadi robo. Ndiyo maana helikopta nyingi za daraja la 700 hutumia 12S, aghalabu betri mbili za 6S za mAh 5,000 hivi zilizounganishwa kwa mfululizo. Mbili hizo zinunuliwe pamoja na zitumike pamoja siku zote, kwani iliyochoka huwahi kuisha na kuharibika wakati mwenzake bado ina chaji.

Sasa chukua mizani ya jikoni. Betri ya 3S ya mAh 2,200, inayozoeleka kwenye daraja la 450, huwa na uzito wa gramu 180 hivi. Ukiwa unafikiria kubwa zaidi, funga kwanza kipande cha chuma chenye uzito wake mahali pa betri, inua helikopta kwa kichwa cha rota huku mapanga yakielekea pembeni, na utazame pua. Ikiinama na ukakosa nafasi ya kurudisha mzigo nyuma, betri hiyo haikufai hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Herufi C, inayoonyesha betri inaweza kutoa ampea mara ngapi ya uwezo wake, ndiyo inayohitaji mashaka mengi. Kwa hesabu, betri ya mAh 2,200 yenye 30C inapaswa kutoa ampea 66, lakini lebo nyingi hutia chumvi, na mimi huamini zaidi chaja yenye kupima ukinzani wa ndani. Seli za betri mpya zinapaswa kukaribiana kwa ukinzani na kwa volti. Dalili nyingine huipata mkononi: baada ya kutua, betri yenye uvuguvugu ni nzima, ila ikiwa moto hata kuishika huwezi, inadaiwa umeme kuliko uwezo wake. Iliyovimba isirudishwe hewani.

Plagi ilingane na ya kidhibiti mwendo, na pia waya mwembamba wa kusawazisha seli uingie kwenye chaja yako.

Wengi wetu huagiza betri kwa ndugu anayesafiri. Zisafiri katika mkoba wa ndani ya ndege, ncha zake zikiwa zimezibwa, kamwe zisiwekwe kwenye mizigo ya chini. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 (wati-saa, yaani volti mara ampea-saa): betri ya 3S ya mAh 2,200 ina 24.4 tu, ilhali ya 6S ya mAh 5,000 ina 111, na hiyo huhitaji kibali cha shirika la ndege.

Muda wa kuruka haufai kukisiwa. Katika safari ya kwanza ya betri mpya, weka saa kwenye dakika 4, tua, kisha uichaji kwa 1C, yaani ampea 2.2 kwa betri ya mAh 2,200, ukiangalia chaja imerudisha kiasi gani. Ikirudisha mAh 1,500, umetumia 375 kila dakika. Kwa kuwa asilimia 20 hubakizwa ili kulinda seli, una mAh 1,760 za kutumia, na hiyo ni dakika 4 na sekunde 40 hivi. Weka saa ya rimoti kwenye dakika 4 na nusu.