Kutambua kisu cha kiwandani kisicho na chapa: kisome kabla hujakisugua

Ukipata kisu cha zamani kwenye mitumba au kwenye kabati la bibi, kimepiga weusi na hakina jina la kiwanda, weka msasa kando. Weusi ule, mistari ya kusagia na rangi iliyobanduka ndiyo itakayokueleza kilitengenezwa vipi na takriban lini. Ukishasugua, ushahidi umekwenda. Hapa nazungumzia zaidi visu vya jikoni, vya mezani na vya buchani vya Sheffield (Uingereza) na Solingen (Ujerumani), miji maarufu kwa visu.

Hatua ya 1: Safisha bila kukwangua

Kitambaa laini na matone machache ya mafuta ya cherehani yanatosha. Penye kutu nyekundu acha mafuta yalale usiku kucha, kisha futa. Kutu hiyo inakula chuma. Rangi ya kijivu au nyeusi iliyotulia usiiguse.

Hatua ya 2: Tafuta chapa iliyofutika

Visu vingi vinavyoitwa havina chapa vilikuwa nayo. Chapa iliyogongwa kwa muhuri huzama ndani ya chuma na kudumu. Iliyochorwa kwa asidi hukaa juu juu, na miaka ya kusuguliwa huimaliza. Ingia chumba chenye giza, laza tochi karibu sambamba na bapa, uangalie kwa lenzi upande wa kushoto, karibu na mpini. Kisha pulizia hapo pumzi ya joto. Mara nyingine mvuke hushika tofauti palipokuwa na herufi, na kwa sekunde chache unaona mkunjo wa herufi au ukingo wa nembo. Piga picha haraka.

Ukipata jina la nchi, kumbuka sheria mbili: ya Uingereza ya 1887 na ya Marekani ya 1890, zilizosukuma bidhaa za kigeni kuandikwa zilikotoka. Lakini kukosa jina la nchi hakuthibitishi kwamba kisu ni cha kabla ya hapo. Kilichouzwa katika nchi kilikotengenezwa hakikulazimika kuwa nalo.

Hatua ya 3: Jua aina ya chuma

Sumaku haitakusaidia. Sufuria nyingi za stenlesi hazishiki sumaku, lakini visu vya stenlesi hushika, kama vya chuma cha kaboni. Tumia siki: tone moja karibu na mpini, mahali pasafi, dakika chache. Chuma cha kaboni kitaacha doa la kijivu. Stenlesi itabaki ilivyo. Mtaalamu wa madini Harry Brearley alitengeneza chuma chake kisichoshika kutu huko Sheffield mwaka 1913, kwa hiyo kisu cha stenlesi hakiwezi kuwa cha karne ya 19, hata muuzaji aape.

Hatua ya 4: Soma uso wa bapa

Hapa usiharakishe.

Anza na mistari. Jiwe la kiwandani kwa kawaida huacha mistari myembamba inayokatiza bapa, kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, kwa mpangilio ule ule. Mistari iliyopinda, au inayokimbia kwa urefu na kupita juu ya chapa, mara nyingi ni msasa wa mtu wa baadaye. Kama bapa linang'aa kama kioo, tazama kona na matundu ya ribiti (pini zinazoshikilia mpini). Kona kali na matundu yenye kingo safi ni dalili nzuri. Kona zikiwa zimelainika na matundu yamebonyea kandokando, kisu kilipitishwa kwenye mashine ya kung'arisha baadaye, na thamani yake imeshuka.

Kuna pia chuma kilichopakwa madini. Nikeli ina mng'ao wenye umanjano kidogo. Kromu ina ubuluu wa baridi. Upakaji wa kromu ulienea viwandani mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa hiyo huo nao unakupa tarehe. Angalia palipobanduka, utaona magamba.

Weusi wa kiwandani una sura zake. Ule wa buluu, unaotokana na kutia dawa uso wa chuma, ni mwembamba, huisha kwanza sehemu zilizoinuka na kugeuka kahawia. Wa fosfeti, tabaka la kemikali la kuzuia kutu, ni wa kijivu, haung'ai, una chembechembe, na hunywa mafuta. Ulitumika sana kwenye visu vya jeshi la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Rangi ya kawaida hukaa juu ya chuma na kumeguka.

Hatua ya 5: Mpini

Mfupa una vitundu vidogo vyeusi. Mpini wa rangi ya pembe ya ndovu wenye mistari iliyonyooka mno huenda ni seluloidi, plastiki ya zamani: usugue kwa kidole gumba mpaka upate joto, unuse kama una harufu ya kafuri. Usijaribu kamwe kwa sindano ya moto, seluloidi hulipuka moto mara moja. Ikishaanza kupasuka na ribiti kuota ukijani, hutoa mvuke unaokula chuma, kwa hiyo kisu hicho kihifadhi mbali na vingine, mahali penye hewa, nje ya ala.