Jiko la peleti: kabla ya kununua feni mpya, fuata njia ya hewa

Hapa Lewiston, jimbo la Maine, baadhi yetu tuliotoka Kongo na Burundi tunanunua nyumba zenye jiko la peleti (vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) tayari sebuleni. Mwenye nyumba wa zamani anaacha jiko, mifuko michache ya peleti na kijitabu cha maelezo ambacho hakuna anayekisoma mpaka Januari. Halafu moto unalegea, kioo kinakuwa cheusi, na mtu anashauriwa anunue feni mpya. Huwa naomba niitwe kabla hela hiyo haijatoka, kwa sababu mara nyingi feni ni nzima, ila njia ya hewa imeziba. Kuizibua unaweza mwenyewe.

Jiko lina feni mbili, na ukizichanganya utatengeneza ile isiyo na shida. Moja inavuta moshi na kuutoa nje. Nyingine inapuliza joto sebuleni tu, haina uhusiano na mwako. Jiko la mkaa tulizoea kulipepea, hewa iende kwenye moto kwa nguvu ya mkono. Hapa feni ya moshi ndiyo inayovuta, na kwa kuvuta kwake hewa safi inapanda kupitia matundu ya kikombe cha moto, pale peleti zinapodondokea. Kizibo popote, kuanzia hewa inapoingilia hadi mdomo wa bomba nje, kitajionyesha kwenye mwali.

Basi utazame mwali kabla ya kushika bisibisi. Mwali mzuri ni mfupi, wa manjano angavu, unacheza kwa nguvu. Ukiwa mrefu, wa rangi ya chungwa iliyokolea, unayumba polepole na ncha zake zinatoa moshi mweusi, huo umekosa hewa. Majivu nayo yanasema: ya kijivu hafifu ni mazuri, masizi meusi si mazuri. Mwali mdogo lakini mkali ni habari nyingine, peleti zinazoshuka ni chache. Hapo angalia tangi la peleti. Mara nyingi unga wa peleti umejaa chini, karibu na parafujo inayozisukuma.

Zima jiko, liache lipoe kabisa, kisha chomoa waya ukutani. Kuzima kwa kitufe peke yake hakutoshi, umeme bado upo ndani. Kaa hai linaweza kujificha ndani ya majivu zaidi ya siku nzima, kwa hiyo usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi. Tafuta ile ya majivu. Majivu yaende kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na baraza ya mbao.

Toa kikombe cha moto, ukiinue kwenye mwanga wa dirisha. Kila tundu lipitishe mwanga. Majivu yaliyoyeyuka na kuganda yanang'ang'ania chini. Yakwangue, na tundu lililoziba kabisa lizibue kwa msumari unaolingana nalo. Unapokirudisha, hakikisha kimekaa sawa, kwani kikiinama hewa inapita pembeni na moto unabaki na njaa ileile.

Wengi wanaishia hapo na kushangaa shida ikirudi wiki ileile. Majivu mengi yako msikoyaona. Nyuma ya bati au matofali ya ukuta wa ndani ya jiko kuna vijia vya moshi. Fungua vibati vyake, ufyonze mpaka mwisho. Kisha fika kwenye feni ya moshi yenyewe. Legeza skrubu zake, uivute taratibu. Utaona mapanga yamevaa majivu magumu, upande mmoja mazito kuliko mwingine, na ndiyo maana jiko lilikuwa linatetemeka na kunguruma. Yasugue kwa brashi ya rangi, panga moja moja, bila kuyapinda. Gasketi yake, yaani kile kipande laini kinachoziba upenyo, ikichanika weka mpya, usirudishe ya zamani. Malizia na bomba: fungua kifuniko cha chini cha kiungo cha T, mwaga majivu, piga brashi. Nje, ondoa theluji kwenye mdomo wa bomba na kwenye tundu la kuingizia hewa. Wakati wa kiangazi ndege na nyigu hupenda kujenga humo.

Mlango usiobana nao unaharibu mvuto. Funga mlango ukibana noti ya dola kwenye ukingo, kisha ivute. Ikitoka bila kushikiliwa, gasketi ya mlango imechoka. Rudia pande zote.

Kuna kisa kinachotisha watu: jiko linawaka vizuri, kisha peleti zinaacha kushuka na moto unakufa, ilhali tangi limejaa. Tafuta kimpira chembamba kinachotoka mwilini mwa jiko kwenda kwenye swichi ya presha. Swichi hiyo ikikosa mvuto inakata umeme wa parafujo. Kimpira kikiziba kwa majivu, inadhani hakuna mvuto. Kichomoe upande wa swichi, upulize kuelekea ndani ya jiko. Usipulize ndani ya swichi, utando wake utapasuka. Na nawasihi, mtu asiwashawishi kuunganisha nyaya ili swichi irukwe. Inazuia moshi na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, visiwajie watoto usiku. Kengele ya kaboni monoksaidi iwepo na betri iwe nzima, hasa kwa kuwa umeme ukikatika feni ya moshi inasimama na moshi unaweza kurudi ndani.

Feni ya joto ina shida chache zaidi. Kwanza subiri: kwenye majiko mengi haianzi mpaka mwili wa jiko upate moto, kwa hiyo ukimya wa mwanzo si ugonjwa. Ikiwa inazunguka lakini joto haliji, vumbi na nywele za mbwa vimejaa kwenye mapanga yake. Ikilia kwa sauti kali, tazama kama mota ina vitundu vya mafuta. Matone machache yanatosha. Isipokuwa navyo, beringi zake ni za kufungwa kabisa, mafuta hayatasaidia. Ikivuma bila kuzunguka hata baada ya kusafishwa, beringi zimekwama au kapasita, kifaa kinachosaidia mota kuanza kuzunguka, imekufa. Hapo mwite fundi umeme.

Peleti ziwe kavu. Ukiweka mifuko moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji chini ya nyumba, unyevu unazivimbisha. Inua mifuko juu ya mbao, na ukinunua, soma lebo: za daraja la premium majivu yake hayazidi asilimia 1.

Baada ya usafi wote huo, washa, ngoja nusu saa, ndipo uguse kirekebisha hewa. Kifungue kidogo kidogo mpaka mwali ukae mfupi na mwangavu. Peleti zikianza kurukaruka nje ya kikombe, umezidisha; rudisha nyuma kidogo.